Mita Nne za Kamba

Kosa lilikuwa lile lile la kila mwaka. Tufe limedondoka juu ya springi, na mwanafunzi kasawazisha uzito na nguvu ya springi, basi, kana kwamba tufe limelazwa pale na mama yake. "Na kasi liliyokuja nayo umeipeleka wapi?" mwalimu wa fizikia aliandika kwa wino mwekundu, amekasirika kwelikweli.

Kalamu ikasimama. Jana mezani, katikati ya masihara, yeye mwenyewe alimpigia mdogo wake hesabu hiyo hiyo.

Mdogo wake alifunga kamba ya mpira juu ya mnara wa maji nyuma ya gereji yake, watu waje kuruka. Mnara mita ishirini, kamba kumi. "Itavutika mita nne," dada mtu alisema huku akitafuna. "Zinabaki sita, hata mluzi utapiga." Alipotaja kujaribu kwa mchanga kwanza, mdogo wake alicheka: "Ukishasema wewe, mchanga wa nini?"

Lakini mita nne ni za mtu anayening'inia ametulia. Anayeruka hufika hapo na nishati yote ya kuanguka, na kamba lazima iimalize. Alipiga upya pembeni mwa karatasi: karibu kumi na nne. Jumla ishirini na nne, na ardhi iko ishirini.

Alimpigia mdogo wake simu; iliita bila kupokewa. Alitoka mbio.

Alimkuta juu ya mnara, kamba kiunoni, watu wakishangilia chini.

"Shuka!"

"Dada, usinitie nuksi! Hesabu si yako?"

"Ni yangu, na ni mbovu! Nimekosea!"

Mdogo wake alirudi nyuma hatua moja. Tangu utotoni hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

"Hayo magunia mawili ya mchanga uliyokandamizia ubao wa kurukia ni uzito wako. Yafunge, uyaachie!"

Akayaachia. Kamba ilivutika, ikaendelea kuvutika, na magunia yakapasukia chini. Mchanga uliwarukia watu miguuni.

Mdogo wake alishuka ngazi. Dada yake akamkamata kola, akamgombeza na kulia kwa pamoja.

Kesho yake darasani alirudisha karatasi. "Mwalimu," mwanafunzi alilalamika, "kosa dogo hivi, mbona sifuri?"

 Mwalimu akainama, akavua kiatu, akakung'uta mchanga wa jana.