Tovuti Iliyotaka Kuamkiwa

Mume wa dada yangu Boke alipofariki, alimwachia nyumba ya vyumba vitano pale Butiama. Boke akaamua kupokea humo wageni wa kulala siku mbili tatu. Shemeji yake, Makongoro, hakuupenda uamuzi huo. Katika kikao cha ukoo alitamka wazi kwamba, nyumba ikikaa tupu hadi mwisho wa mwezi ujao, atavunja ukuta wa sebule na kufunga mashine ya kusaga. Wazee wakaafiki. Boke akanipigia simu nyumbani kwangu Musoma.

"Kaka Bonifasi, nitengenezee tovuti. Watu wanione, wanipigie, waje. Basi."

Mtu mwingine angeishia kwenye hilo "basi". Mimi nimepitia chuo cha ualimu, na ninapenda utaratibu kiasi kwamba hata vijiko vyangu hapa mtaani Mwisenge vimepangwa kwa urefu. Nikajiuliza mgeni wa Butiama angekaribishwa kwa lugha gani. Jibu langu lilikuwa lugha tisa: Kiswahili, Kiingereza, Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kikwaya, Kiikizu, Kisukuma na Kijaluo. Walimu wenzangu walinitafsiria kwa moyo mmoja, ila kila mmoja aliuliza lugha yake itakaa ya ngapi. Kwa ajili ya amani nikazipanga zote katika duara, ili isiwepo ya kwanza wala ya mwisho. Nililitazama duara lile kwa muda mrefu, nikaona limekaa vizuri mno.

Hapo ndipo ningeacha. Lakini kwetu mtu haingii kwenye shida yake kabla ya salamu, na salamu haitolewi ovyo: mwanamume wa rika lako haamkiwi kama mama mkwe wako. Kwa hiyo, mgeni akishachagua lugha, tovuti ilimwuliza umri wake, kama ni mwanamume au mwanamke, na ni mtoto wa nani. Kisha ilimwamkia ipasavyo, naye alitakiwa kuandika kiitikio. Akikosea ilimrudisha kwenye duara, kwa upole. Picha za vyumba na namba ya simu ya Boke vilikuja baada ya salamu hiyo, vikimsubiri mtu mwenye adabu.

Wiki zikapita. Boke akapiga tena.

"Kaka, simu hailiagi. Una hakika hiyo tovuti iko hewani?"

"Iko hewani, na watu wanaingia kwa wingi."

"Wanaingiaga wapi? Maana huku hawajafika."

Nilimweleza kwamba wageni wa siku hizi wanahitaji muda wa kuzoea. Mwezi ulikuwa umebaki na siku chache.

Aliyeniamsha ni Shija, Msukuma niliyefundisha naye Bunda. Alikuwa anatafutia malazi vijana wa parokia waliokuwa wanakwenda semina Butiama, akakutana na jina langu chini ya kila ukurasa. Naam, jina langu nililiweka mahali pasipodai salamu.

"Mwalimu, mashine yako imenifelisha," alisema. "Nimechagua Kisukuma, ikaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikaandika. Ikaniamkia, nikaitikia, ikanirudisha. Nikahamia Kiswahili, ikanambia 'Hujambo'. Nikaandika 'safi'. Unajua imejibu nini?"

Nilijua. Niliiandika mwenyewe.

"'Jaribu tena, kwa heshima.' Mwalimu, mimi nina wajukuu! Ninatafuta kitanda, sijaja kuposa!"

Nilianza kumfafanulia umuhimu wa rika. Akanikatiza.

"Nyumba ipo au haipo?"

"Ipo."

"Nipe namba ya mwenyewe, niamkiane naye."

Nikampa. Muda mfupi baadaye Boke alinipigia. Shija alikuwa amemsimulia yote. Sikutegemea mdogo wangu anaweza kunikaripia kwa lugha tatu bila kuombwa kuchagua.

"Picha mbele. Namba yangu juu, kubwa," alihitimisha. "Lugha ziweke pembeni, anayetaka abonyeze, asiyetaka apite. Na hayo mambo ya mtoto wa nani toa. Nikikutana nao nitawauliza mwenyewe."

Niliyatoa. Kazi iliyonichukua majuma kuijenga ilibomoka kabla chai haijapoa, na jioni ileile simu ya Boke ililia mara mbili.

Siku ya mwisho wa mwezi nilikwenda Butiama, nimevaa koti, tayari kupokea shukrani. Nilimkuta Makongoro mlangoni na fundi mwenye futi mkononi, wakitazama viatu vya vijana wa parokia vilivyojaa barazani. Ndani kulikuwa na vicheko.

"Karibu, shemeji," Boke alisema. "Vua viatu, watu wamepumzika."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Na wiki ijayo wapo wengine."

Makongoro alimtazama fundi, fundi akakunja futi.

"Sasa mashine nitaifunga wapi?"

"Kwako kuna sebule kubwa, shemeji."

Makongoro akacheka bila kutaka, akaomba maji ya kunywa. Niliona huo ndio wakati mwafaka wa kueleza mchango wa lugha katika mafanikio haya. Nikakohoa. Boke akanitwisha ndoo.

"Kaka, vizuri umekuja. Chumba cha nyuma hawana maji ya kuoga."

Nikavua koti.