Mshipi wa Karani Longino

Jumapili moja ya mwaka 1937, Longino alitoka misa akapitia miamba ya Kirumba kule Mwanza, akasahau kabisa kwamba mkewe Eugenia alikuwa anamngoja na ndizi mezani. Chini yake, ukingoni mwa ziwa, Mzungu mmoja mhandisi wa meli alikuwa akivua bila chambo. Aliinua ufito, mshipi ukaruka nyuma ukanyooka hewani, akatulia kidogo, kisha akautupa mbele. Mwishoni mwa mshipi ule palikuwa na kiunyoya tu. Kikatua majini taratibu kama mdudu aliyechoka kuruka. Mara maji yakafumka, samaki akanasa.

Longino alikuwa karani wa simu katika stesheni ya reli, Mhaya wa Kanyigo, mtu ambaye jambo likimwingia kichwani halitoki mpaka alielewe. Wiki nzima alijiuliza swali moja. Jiwe ukilirusha linakwenda, maana lina uzito. Unyoya ukiurusha unakurudia puani. Mzungu yule aliufikishaje hatua ishirini?

"Kamuulize mwenyewe," Eugenia alimwambia.

"Meli yake imeshaondoka."

"Basi kaulize dukani, uniache nilale."

Mwisho wa mwezi alikwenda kwenye duka la Shiraz, ambako Wazungu walinunua zana zao za kuvulia. Shiraz, kijana mchangamfu aliyerithi duka la baba yake, alimshushia ufito uliong'aa kama kinanda cha kanisani, pamoja na kigurudumu cha shaba cha kukunjia mshipi. Longino alikizungusha. Kililia krrr, tamu kweli. Alipoambiwa bei, alikirudisha mezani kwa mikono miwili. Ulikuwa mshahara wa mwezi na nusu.

"Unaweza kuanza na huu," Shiraz akasema, akimletea mwingine. Nao ulikuwa mshahara wa mwezi mzima.

Pazia la nyuma likafunguka, akatoka Mumtaz, mama yake Shiraz, amejifunga ushungi mweupe. Marehemu mumewe alikuwa akiwatengenezea Wazungu nyuzi na fito zilizoharibika, na kwa miaka mingi Mumtaz ndiye aliyeipaka mishipi mafuta na kuianika.

"Shikamoo, mama," Longino akasema.

"Marahaba, karani. Unataka kuvua samaki gani?"

Longino akababaika. "Samaki yeyote."

"Samaki yeyote anavuliwa kwa nyavu. Wewe nenda ziwani kwanza. Tazama ni nani anakula wadudu juu ya maji, na ana ukubwa gani. Halafu urudi tuzungumze."

"Mama!" Shiraz akalalamika. "Mteja amekuja na pesa, unamfukuza?"

"Namwambia arudi," Mumtaz akajibu.

Kwa jioni tatu Longino alikaa ufukweni na Mhoja, mvuvi Msukuma wa rika lake. Mhoja alimcheka sana, lakini alimwonyesha. Pale wingu la wadudu wa ziwani lilipoangukia maji, samaki wembamba weupe walidonoa juu juu, tup, tup, tup.

"Hao ni soga," Mhoja alisema. "Mkubwa wao hazidi kiganja na vidole. Wana miba mingi. Bwana karani, kwa nini usinunue samaki mnono kama ngege sokoni ukapumzika?"

"Nataka kujua tu."

"Kujua hakupikwi."

Longino alirudi dukani na habari ya soga. Mumtaz alifurahi, akamvutia kigoda.

"Basi huhitaji ufito wa kumvuta mamba. Na kigurudumu ni cha kuhifadhia mshipi tu. Soga hana mbio za kukuhangaisha. Chonga kibao, ukunje mshipi hapo. Ufito tengeneza wa mwanzi. Pesa yako yote iweke hapa." Akaweka mezani mshipi wa hariri, mnene kuliko Longino alivyotarajia, mwembamba kwenye ncha.

"Mama, mbona mnene hivi? Si samaki watauona?"

"Ushike."

Akaupima mkononi. Ulikuwa na uzito. Longino akautazama, kisha akasimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Kumbe haurushwi unyoya! Unarushwa mshipi, unyoya unafuata tu!"

Mumtaz akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Shiraz, aliyekuwa amenuna, akaja kutazama na yeye, maana kwa miaka miwili alikuwa ameuza vitu vile bila kujiuliza.

Mshipi ule ulikuwa umekatwa na mteja mwingine, umebaki nusu, hivyo Longino aliupata kwa bei aliyoimudu. Akaongezewa ndoana kumi ndogo, na uzi mwembamba wa kufungia mbele, ambao Mumtaz alimwonya auloweke kabla ya kuupiga fundo, la sivyo utakatika. Manyoya aliyapata kwa jogoo wa Eugenia, bila ruhusa ya jogoo wala ya Eugenia.

Siku ya kwanza ndoana ilinasa kofia yake. Ya pili, shati. Mshipi ulikuwa ukianguka miguuni pake kama utumbo wa mbuzi. Akaenda na ufito wake wa mwanzi kumlalamikia Mumtaz, naye akashika mwanzi ule, akautikisa mara moja.

"Huu ni mti wa kuanikia nguo. Haupindiki. Mshipi usipoupinda mwanzi, mwanzi utaurudishaje?"

Longino akakaa jioni mbili na kisu, akaupunguza mwanzi toka katikati kwenda juu, kidogo kidogo, akijaribu kila mara na mshipi uani. Ulipoanza kupinda kama shingo ya korongo, aliacha kukwangua.

Jumamosi alikwenda tena kwa Mhoja ufukweni. Akaurusha mshipi nyuma, akasubiri unyooke, akausukuma mbele. Haukwenda mbali, hatua nane hivi. Unyoya ukatua. Pakatokea kiduara kidogo majini, mkono wake ukahisi mtikisiko kama simu inayoanza kuita, akainua. Soga mweupe akaruka hewani, akadondoka juu ya mwamba kati yao.

Wote wawili wakainama kumtazama.

"Amekula unyoya," Mhoja alisema polepole. "Huyu mjinga amekula unyoya." Akakiweka chini kikapu chake, akafuta mikono kwenye shuka. "Lete huo mwanzi."

Mara ya kwanza mshipi ulimzonga shingoni. Mara ya nne ulinyooka juu ya maji, mbali kuliko ulivyowahi kwenda mikononi mwa Longino.

"Umefanyaje hapo?" Longino akauliza, akimsogelea. "Ngoja, rudia. Mkono umeusimamisha wapi?"

Mhoja akaurusha tena. Alikuwa ameutolea macho unyoya, na hakuonekana mtu wa kuurudisha mwanzi ule kabla ya giza kuingia.