Shusha Sauti, Octavian

Miaka hii ya soko huria kila mwenye ukuta kando ya barabara ana fremu ya duka ya kupangisha, na kila aliyepanga fremu anafundisha kompyuta. Dada Lea, ninayemsaidia kazi, anafundisha pale mtaa wa Kikuyu, kwa kompyuta mbili za mtumba na sidii moja ya mama wa Kizungu anayeelekeza watu kuchapa. Mama huyo hachoki. Akianza kutaja vidole, mtaa mzima unajitazama mikono.

Tatizo lilikuwa spika. Kitufe cha sauti kiling'oka zamani, na ile alama ndogo kwenye pembe ya kioo Dada Lea haipati. Mausi ikiwa mkononi mwake hurukaruka kama kuku anayepelekwa kuchinjwa. Mwenye nyumba, Mzee Yahaya wa Kondoa, alivumilia. Kisha akafiwa na kaka yake, na matanga yakawekwa nyuma ya ukuta wetu. Akaja mwenyewe, kwa upole uliotutisha kuliko ukali. Masomo yaendelee, alisema, ila dua ikianza sauti ishuke. Isiposhuka, Dada Lea atafute ukuta mwingine. Na barabara ile haikuwa na ukuta mwingine.

Ndipo Octavian, niliyemaliza naye kidato cha nne na ambaye alijiteua mwenyewe kuwa fundi wetu, akasema atatengeneza kidhibiti sauti. Akashinda na kompyuta ya pili kutwa nzima. Alichotoa kilikuwa dirisha lenye mstari uliosimama, mnene kama mguu wa meza, na kishikio ambacho hata dereva wa trekta angekikamata bila kuvua glovu. Juu alichora mdomo wazi, chini mdomo uliofumba. Nikamuuliza kama amekijaribu. Akasema sana, kinapanda na kushuka bila kukwama. Hakusema kwamba, kwa heshima ya msiba, wakati wote huo alikuwa amechomoa spika.

Kesho yake wanafunzi walikuwa katikati ya somo tuliposikia ng'ambo ya ukuta watu wakinyamaza. Dua inaanza. Dada Lea akashika mausi kwa mikono miwili, akavuta kishikio chini. Mama wa Kizungu akapaza sauti. Akavuta tena. Mama akafoka.

"Octavian, mbona nashusha?"

"Shusha zaidi, dada," akasema maskini, jasho likimtoka.

Dada Lea akashusha mpaka kwenye mdomo uliofumba, na waombolezaji wote wakaamriwa kwa Kiingereza waweke kidole kidogo cha kushoto kwenye herufi A. Nikachomoa waya ukutani.

Octavian akaunganisha waya, spika akaziacha, akafungua kazi yake na kuona kosa: mstari ule huhesabu kuanzia juu. Juu ni sifuri, chini ndiyo kelele. Nikamwambia kazi ni nzuri, tatizo ni kwamba kompyuta imesimama kwa miguu badala ya kichwa. Hakucheka. Mzee Yahaya alikuwa mlangoni.

Tulimwamkia wote kwa pamoja. Aliuliza nani katengeneza kitu kile, na kidole changu kilishafika kwa Octavian kabla swali halijaisha.

"Kwenu wapi, kijana?"

"Kongwa, mzee."

Mzee akamsogelea. "Marehemu alioa Kongwa. Kumbe wewe ni shemeji yetu."

Hapo Dada Lea akakaa, maana alishaelewa. Shemeji ni mtani, na mtani akifanya vituko msibani hafukuzwi. Hutozwa faini.

"Mjane hajafungua mdomo tangu tuzike," Mzee akasema. "Leo amecheka, ameuliza ni nani wa kwao aliyekuja bila kubisha hodi. Masufuria yako nyuma, shemeji. Yasuguliwe yang'ae."

"Na fremu, baba?" Dada Lea akauliza, kwa sauti ambayo haikuhitaji kishikio.

"Fremu ina nini? Ila kwenye dua ya alasiri, hiyo sauti ishuke kweli."

Octavian aligeuza mstari kwanza, safari hii spika zikiwa zimechomekwa, ndipo akaenda kusugua. Alasiri Dada Lea akavuta kishikio, amefumba macho. Mama wa Kizungu akapungua, akanong'ona, akanyamaza. Tukapumua. Tuliposikia dua yenyewe kupitia ukutani, miongoni mwa waliokuwa wakiitikia amina tulimtambua mmoja aliyekuwa akichelewa kidogo, huku akisugua sufuria.