Maji ya Moto ya Usine

"Mama Divine, ile maji ya moto munamwangaka kila siku, Mungu atabasamehe kweli?"

Ni jirani yangu Marthe aliniuliza vile, mwaka ule usine, kiwanda ya sabuni, ilianza kazi hapa kwa muji ya Baraka. Alikuwa anacheka. Na mi nikacheka, nikamujibu: "Kuja na beseni." Kesho yake bamama kumi walikuwa wamepanga mustari mbele ya tiyo, ile bomba yenye kutoa maji inje ya usine.

Wakati ule maji haikukuwa na ubaya. Kwa kutengeneza sabuni tunatia soda kali ndani ya maji, na inachemka yenyewe, bila moto. Mbele ya kuichanganya na mawese kutoka Lweba, lazima ipoe. Inapita ndani ya mashine ya kupoza: pipa refu ya chuma imelala chini, na ndani yake tiyo ndogo ndogo makumi ine. Soda inapita ndani ya zile tiyo, maji ya ziwa inapita inje yake. Hazigusane. Soda inatoka imepoa, maji inatoka imechukua moto yake. Kazi yangu ni kusoma termometre na kuandika ndani ya kaye, daftari ya kazi. Ilikuwa kazi ya bwana yangu. Tangu Mungu alimwita, ni mi naifanya.

Maji ya ziwa yetu inaachaka chokaa ngumu, kama ile ya ndani ya birika. Chokaa ikishika tiyo, soda haipoe tena. Lazima kuilowesha na dawa yake polepole, siku mbili. Bonaventure, mukubwa wa usine, akasema siku mbili hana. Akaagiza makanika Nicolas avute zile tiyo inje na apige chokaa na ferabeto, chuma ya kujengea. Nilisikia chuma inagonga chuma, na zile tiyo ni nyembamba.

Kisha Bonaventure akapunguza pompe ya maji, kusudi mazutu, mafuta ya motere, isiishe mbio.

Nikamwambia: "Patron, maji ikikuwa na nguvu kupita soda, hata tiyo ikitoboka, ni maji itaingia kwa soda. Sasa umeipunguza. Ikitoboka, ni soda itakuja kwa maji."

"Mama, we ulisoma primaire tu. Endelea kuomba."

Siku ya ine tangu pale, asubui, nilitia mukono kwa maji yenye kutoka. Vidole vikateleza, kama mwenye kushika sabuni, na sikukuwa nashika kitu. Nikanawa mbio na maji safi. Kisha nikakinga ile maji kidogo kwa sahani ya aliminyumu. Ikaanza kutoa povu, na sahani ikaanza kuwa nyeusi: ni soda inakulaka aliminyumu vile.

Nikafunga soda. Nikazima pompe yake, nikatia kadena, ile kufuli, kwa swichi, lufungulo nikaifunga kwa ncha ya kikwembe nilichovaa. Maji ya ziwa niliiacha ipite, ioshe mashine. Nikatoka kusimama mbele ya tiyo.

Marthe alikuwa amekwisha kujaza beseni yake.

"Mama Merveille, mwanga ile maji," nikamwambia.

"Nimwange? Mutoto wangu Merveille iko na siku mbili tangu azae. Nimukande na nini? Na mate yako?"

Bamama wakacheka.

"Iko na soda. Itamuchoma penye alipasuka. Na kitoto itamuchoma macho."

"Tangu bwana yako afe, hautaki muntu apate kitu! Mwezi uliopita ulitukataza kupita kwa shamba yako, leo ni maji. Na siku ya Mungu ni we wa kwanza kanisani, na Biblia kwa kwapa!"

Sikutoka pale.

Bonaventure akafika anatembea mbio. "Nani amefunga pompe? Leta lufungulo."

"Hapana, patron. Kuko tiyo yenye kutoboka. Tungoje mashine ipoe, tumwange yote, tuoshe, tutafute ile tiyo, tuizibe pande mbili. Mbele ya pale, lufungulo inabakia kwangu."

"Nitakufukuza leo leo!"

"Nifukuze. Bado sitaileta."

Akabageukia bamama. "Muchote maji yenu, bamama. Maji iko muzuri. Uyu anaota ndoto na macho wazi."

Marthe akashika beseni, akaanza kuipandisha kwa kichwa.

Nikasema: "Patron, kama iko muzuri, nawa uso. Mama Merveille aone."

Marthe akashusha beseni chini. Nicolas, aliyekuwa mulangoni, akaangalia viatu vyake. Bonaventure akakunja mukono wa shati mupaka kwa kiwiko, akainama. Vidole vyake vikabakia juu ya maji, bila kuigusa.

"Mi si mutoto wa kuchezewa na bamama," akasema. Akasimama, akakunjua shati.

Marthe aliangalia ule mukono mukavu. Kisha akaniangalia mi, na macho ya ubaya ileile.

"Jana mangaribi Merveille alilia," akasema. "Nilimukanda, akalia. Nikamukemea, ni aibu mwanamuke kulia juu ya maji ya moto."

Jana mangaribi nilikuwa kwa maombi. Maji ya jana sikuigusa kuipima.

"Kitoto je?" nikamuuliza.

"Kitoto nilikuwa nangoja maji ya leo."

"Mwoshe Merveille na maji safi ya baridi, mingi, mingi. Usipakae mafuta. Kisha mumupeleke hospitali saa hii. Waambie ni soda."

Bonaventure akaingilia: "Mama, usisikilize maneno ya..."

Marthe akainua beseni, akaimwanga yote mbele ya viatu vya patron. Bonaventure akaruka nyuma. Marthe akapita katikati ya bamama, akatoka mbio kwa mulango ya kiwanja, kwenda kwa Merveille.