Injini Ilipokataa

Abdulatifu alikuwa hajawahi hata kula mbele ya mama mkwe wake, sembuse kumwambia hapana. Kwao Mtanda, mjini Lindi, mkwe anastahiwa mpaka ukipishana naye njiani unaangalia chini. Sasa asubuhi hiyo, katika kiwanja cha ndege cha Kilwa Masoko, Bi Kibibi alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha ndege ndogo aliyoirusha Abdulatifu, kimya ndani ya buibui, akisubiri kufikishwa Mafia kabla ya adhuhuri.

Huko Mafia alilala mwanawe, Khamisi, maiti. Alianguka ghafla jana yake jioni, presha, hakuamka tena. Wazee wa kule walitaka kuzika asubuhi na mapema, lakini waliposikia kwamba mkwe wa Bi Kibibi ni rubani, na bosi wake amemruhusu kutumia ndege, wakasema haya, tunamsubiri mama amwone mwanawe uso, ila ikishaswaliwa adhuhuri jeneza linatoka. Boti ingefika jioni. Ilikuwa ndege hiyo, au basi tena.

Na Abdulatifu hakuzembea, msije mkamsingizia. Aliizunguka ndege, akapapasa mabawa, akachota mafuta chini ya tangi akayatazama kama yana maji. Salama. Akawasha, akasogea mpaka mwisho wa kiwanja, akaanza jaribio la mwisho. Injini ya ndege ndogo kama ile huwashwa moto na mitambo miwili, ili mmoja ukizimika hewani mwingine uendelee. Kabla ya kuruka, rubani huzima mmoja akasikiliza, kisha huurudisha na kuzima wa pili. Alipozima wa kulia akabaki na wa kushoto, injini ikakohoa na ndege nzima ikatetemeka.

Akairudisha yote miwili. Injini ikanguruma safi kabisa, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Akaiongeza moto kwa muda, kama alivyofundishwa, kuunguza uchafu kama upo. Akajaribu tena. Ikakohoa vilevile.

"Kuna nini?" Salima, mkewe, aliuliza kutoka kiti cha pembeni.

"Upande mmoja unakataa."

"Si inanguruma hii? Mbona naisikia?"

"Inanguruma kwa sababu miwili inasaidiana. Huo mzima nao ukifa, tuko juu ya bahari."

"Latifu, wallahi usinifanyie hivyo. Mama anakwenda kumuaga mwanawe!"

Jamani, nani asingeyumba? Bosi amesema nenda. Fundi yuko Dar es Salaam. Hapo kiwanjani hakuna hata mmoja ambaye angejua, maana kila aliyesimama pale alisikia injini nzima. Mkono wake ulikuwa umeshashika kigingi cha kuongezea moto. Aliogopa bahari, na alimwogopa mkwe, na kusema kweli alimwogopa mkwe zaidi. Lakini aliyeshika kigingi ni yeye, si bosi wala fundi. Akazima.

Propela iliposimama akageuka, akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, nisamehe. Hatuwezi kuruka."

Salima ndiye aliyepiga kelele. Bi Kibibi alishuka, akatembea polepole mpaka kwenye benchi la abiria, akakaa hapo kama mtu anayesubiri ndege nyingine. Adhana ya adhuhuri ilimkuta palepale. Baadaye simu ikalia, wakaambiwa jeneza limetoka.

Kesho yake fundi Stephano akafika. Akafungua injini, akachomoa plagi moja iliyoganda uchafu, akaisugua, akairudisha. Hata chai aliyokaribishwa haikupoa. Injini ikakubali pande zote mbili.

"Kwa hiyo ingefika?" Abdulatifu akamuuliza.

"Labda ingefika. Mimi nisingeruka nayo."

"Hilo sijakuuliza."

"Ungejuaje kama ni plagi au mtambo wenyewe umekufa?" alisema Stephano.

Nyumbani kwa Bi Kibibi, msibani, Salima alimdaka uani kabla hajabisha hodi. "Mwambie mama injini ilikuwa imekwisha, ingetuua. Neno moja tu, moyo wake utulie. Hata hilo litakushinda?"

Akaingia na uongo huo tayari mdomoni. Bi Kibibi aliwaacha wanawake waliokaa mkekani, akamfuata barazani, macho makavu.

"Fundi kasemaje, baba?"

Abdulatifu akaangalia chini. "Ilikuwa plagi, mama. Uchafu tu."

"Tungefika?"

"Huenda tungefika."

"Ungeweza kuniongopea," Bi Kibibi akasema. "Ungeniambia tungekufa sote."

"Nilitaka, mama."

"Sasa mbona hukuniongopea?"

Abdulatifu alijua tu kwamba akianza kuiita ndege nzima mbovu ili kumfurahisha mtu, iko siku ataiita mbovu nzima kwa sababu ileile. Salima, aliyesikia yote kutoka mlangoni, akampa kisogo.

Hitima ilipopita, Bi Kibibi akaagiza apelekwe Mafia akakae na wajukuu, watoto wa Khamisi. "Na ndege ileile," alisema.

Wakapanda. Mwisho wa kiwanja Abdulatifu akazima mtambo wa kulia. Injini ikaendelea bila kutikisika. Akaurudisha, akazima wa kushoto. Vivyo hivyo.

"Leo inakubali?" Bi Kibibi aliuliza kutoka nyuma.

"Inakubali, mama."

Ndipo Bi Kibibi, ambaye tangu msiba uingie hakuwa ametoa hata chozi, alipoangua kilio. Alimwita Khamisi, Khamisi mwanangu, kwa sauti iliyoishinda injini. Abdulatifu alibaki ameshika kigingi, hajui aruke au azime.