Saa Iliyomngoja Polepole

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akifuta ubao alipogundua kwamba chai yake imegoma kupoa. Akatazama saa ya ukutani, mishale imesimama. Kwenye dawati la mbele, binti ambaye wenzake walimwita Polepole alikuwa bado kwenye sentensi ya kwanza, ulimi nje, kalamu kaikamata kama mtu aliyeshika kuku asitoroke.

Polepole hakuwa mjinga. Maneno yalimjia moja moja, kama wageni wasiojuana, na kengele ilikuwa ikilia kabla hajawakaribisha wote. Mwalimu alishaomba binti aongezewe muda wa mtihani. Mwalimu mkuu akakataa katakata: "Tukimwongezea huyu, kesho watadai wote."

Polepole alipoweka nukta, mishale ikaendelea.

Fundi saa akaitwa. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga.

"Nzima kabisa," alisema. "Inamngoja mtu tu." Akabeba mkoba wake, akaenda zake.

Tangu hapo, kila saa iliposimama, mwalimu hakuuacha muda ule upotee bure. Alimfundisha Polepole kupiga makofi kwa kila silabi, kufuatisha herufi kwa kidole, kufunika ukurasa kwa kadi ili abakiwe na mstari mmoja machoni. Wenzake waliomaliza walicheza kete nyuma ya darasa. Siku binti aliposoma hadithi nzima bila kukwama, walimbeba juujuu, wakamzungusha darasa zima.

"Mwalimu, niisome tena?"

"Isome, mwanangu. Kwani nani anakukimbiza?"

Mtihani ulifanyika ukumbini. Saa ya ukumbi ikasimama, kisha na ya mkononi mwa msimamizi. Mpiga kengele alikigonga chuma kwa nguvu zake zote, kisitoe hata mlio. Akaegemea nguzo, akajikuna kidevu, akasubiri. Polepole alipojibu swali la mwisho, milio yote ikatoka kwa mpigo.

Alifaulu, tena vizuri. Mama yake, fundi cherehani, alikuja gwarideni utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwalimu mkuu akamsifu mtoto mbele ya shule nzima.

"Na amemaliza kwa muda uleule wa wenzake!" alisema. "Sasa nani ataniambia kuna mtoto anayehitaji nyongeza?"

Mwalimu alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mchana akaenda ofisini kumwombea muda mtoto mwingine, wa darasa la kwanza. Akanyimwa, na mfano aliopewa ni Polepole.

Alipotoka, jua lilikuwa limetulia tuli juu ya geti. Chini yake Polepole alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Wenzake walikaa ukingoni mwa njia wakipiga soga, na hakuna aliyekuwa amechelewa nyumbani.

"Zungusha, halafu pitisha chini," mama yake alimwelekeza. "Ndiyo hivyo."

Mwalimu akatandika leso yake, akakaa nao.