Shamba la Hasira

Mwaka wa hamsini na tatu Asukile alisaka dhahabu Makongolosi kama aliyeahidiwa na Mungu mwenyewe, na kila jioni alirudi na matope. Kwa kuwa Mkristo mwema hapigi mke wala hatukani, alishika jembe akaitwanga ardhi nyuma ya nyumba mpaka moyo utulie. Sekela, mke mwenye huruma, alimfuata nyuma akipanda viazi. Shamba lao likalipita la mchungaji.

Jioni moja Asukile akarudi anapiga mluzi, punje ya dhahabu kiganjani, akajinyoosha mkekani. Sekela akautazama upande wa mahindi, ambao haujalimwa.

“Hongera, baba Damari,” akasema kwa upole. “Hata jirani yetu Othmani kapata leo. Yake kama yai.”

Asukile akanyanyuka, akauliza jembe liko wapi. Lilikuwa mlangoni, limeshanolewa.